Njiwa wa Mota Juu ya Paa



Baada ya darsa ya kina mama ya Alhamisi iliyopita, mama mmoja wa Kisauni alitungoja kando ya mlango mpaka wenzake wote wakaondoka. Alikuwa na swali moja, nalo lilikuwa fupi: je, akivunje? Tulimwuliza akivunje kitu gani. Akasema mwanawe wa miaka 14 amejitengenezea njiwa wa kuzunguka kwa mota, amewaweka juu ya paa la nyumba, na njiwa wa mtaa mzima wanashuka kuwafuata. Kijana hujibanza nyuma ya tangi la maji na manati yake. Kwa wiki tatu ameangusha njiwa wasiopungua kumi. Watatu wameliwa humo nyumbani kwa mchuzi wa nazi, na waliobaki wameuzwa kwa wavulana wenziwe. Babake, dereva wa malori ya masafa, alipoelezwa kwa simu alicheka kwa furaha na kusema mtoto huyu atakuwa injinia. Mama hakucheka. Asubuhi ya siku ile alikuwa amemwona mzee wa nyumba ya tatu, mfugaji wa njiwa, amesimama barazani pake akiwahesabu njiwa wake kwa mara ya pili.

Siku ya pili yake tulikwenda kukiona kifaa chenyewe, maana hatukutaka kumjibu mtu juu ya kitu tusichokijua. Na tuseme kweli, tulistaajabu. Chini kuna mota ya waipa, ile inayosukuma vifagio vya kioo cha gari wakati wa mvua, aliyoinunua kwa wauza vyuma vikuukuu kule Changamwe. Mota hiyo inafaa kuliko ya feni kwa sababu ina gia ndani yake: huzunguka polepole lakini kwa nguvu, nayo hutumia umeme wa volti 12, hivyo betri kuukuu ya pikipiki inatosha kuizungusha. Juu ya mota amefunga fito mbili za alumini, kila moja ina njiwa mwishoni. Miili ya njiwa ameichonga kwa kandambili zilizookotwa ufuoni na kugandishwa kwa gundi. Mbawa amezikata katika mtungi mweupe wa mafuta ya kupikia, upande wa juu akaupaka rangi ya kijivu, wa chini akauacha mweupe. Macho ni shanga nyeusi. Fito zinapozunguka, upepo huzipindua mbawa: mweupe, kijivu, mweupe, kijivu. Mtu akiwa mbali ataapa kwamba anaona njiwa wawili wanatua.

Kijana alitueleza kwa adabu, macho yakiwa chini, kwamba mara ya kwanza aliunganisha waya wa kasi kubwa na ndege wote wakakimbia. Alipohamishia waya kwenye kasi ndogo, wakaja. Hakufundishwa na mtu; aliona picha fupi kwenye simu, akajaribu, akakosea, akajaribu tena. Mtoto huyuhuyu, mamake anasema, haketi na kitabu cha hesabu kwa muda wa nusu saa.

Kifaa hiki kina ukoo wake ng'ambo. Uingereza, ambako njiwa wa msituni huharibu mazao ya mashambani, wawindaji hutumia fito za kuzunguka za namna hii hii, na wengi wao hujitengenezea wenyewe kwa mota hizo hizo za waipa. Njiwa yule wa kwao ana mstari mweupe bawani ambao haudhihiriki akiwa ametulia. Huonekana akiruka na akitua. Ndege aliye juu akiuona mmeto huo hufahamu mambo mawili: kwamba wenzake wanashukia chakula, na kwamba pale chini pana amani. Marekani nako wawindaji wa bata walianza kutumia bata wa bandia wenye mbawa za mota mwishoni mwa miaka ya 1990, na vifaa hivyo vilifaulu kiasi cha baadhi ya majimbo kuvizuia. Njiwa wetu wa mjini, njiwa manga, hana mstari ule wa bawani, ila upande wa chini wa bawa lake ni mweupe. Kijana wa Kisauni alilitambua hilo kwa kukaa juu ya paa na kutazama.

Je, kumhadaa ndege ni haramu? Baadhi ya kina mama waliotusikia tukilizungumza jambo hili walisema papo hapo kwamba huo ni udanganyifu, na udanganyifu haufai. Hatukukubaliana nao. Mtego ni hila, wavu ni hila, ulimbo ni hila, na chambo katika ndoana ya mvuvi wa Mtongwe ni hila vilevile. Qur'ani imeuhalalisha uwindaji, na wawindaji tangu hapo huwinda kwa hila. Udanganyifu uliokatazwa ni wa kumdhulumu mtu haki yake. Na zaidi ya hayo, katika jambo moja kifaa hiki ni afadhali kuliko desturi tuliyokua tukiiona. Zamani vijana walimkamata tetere, wakamfunga uzi mguuni na kumwacha arukeruke chini ya mwembe ili wenzake waje. Alishinda juani mpaka mguu ukavimba, na mara nyingi alikufa jioni. Wanazuoni wa kale waliijua hila hiyo: Imam Ahmad bin Hanbal alichukia kuwinda kwa kumtumia ndege aliyefungwa au kushonwa macho, kwa ajili ya adhabu anayoipata. Kandambili haiumii.

Basi kama hila yenyewe si kosa, kosa liko wapi? Liko katika swali ambalo mota haiwezi kuliuliza: njiwa aliyeshuka ni wa nani?

Huku kwetu upande wa bara wako njiwa wa namna mbalimbali, na wote huruka katika mbingu moja. Wako tetere na pugi wa vichakani, ambao hawana mwenyewe isipokuwa Mola wao. Wako njiwa manga wa barabarani, wanaofuata punje zinazodondoka kwenye malori ya nafaka yanayopita Changamwe yakitoka bandarini, na wale walioifanya Kongowea kuwa jamvi lao. Hao nao wengi hawana mwenyewe. Lakini wako pia njiwa wa watu: wa mzee mwenye tundu za maboksi ukutani, wa kijana aliyenunua jozi moja kwa pesa za Idi na sasa ana jozi nane, wa mjane anayeuza makinda ili apate mboga. Njiwa wa kufugwa hutoka asubuhi, huruka hadi mtaa wa pili, hula, hurudi. Kule kuruka hakumtoi katika milki ya mwenyewe, kama vile mbuzi wa Likoni anayezurura mpaka kwenye kivuko hajawa mbuzi wa umma.

Wanaosoma fiqhi ya Kishafii katika madrasa zetu watakumbuka kwamba Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria, ameligusa jambo hili hili katika Minhaj. Njiwa wa mtu wakihamia katika mnara wa mwenzake, mwenye mnara analazimika kuwarudisha. Wakichanganyika na ikawa vigumu kuwatambua, hakuna kati ya wawili hao anayeruhusiwa kumuuza au kumpa mtu wa tatu hata mmoja. Na mashekhe waliofafanua mlango wa uwindaji wamesema kwamba ndege anayeonekana na alama ya milki, kama kupakwa rangi au kukatwa ncha za bawa, hawi mali ya aliyemkamata. Miaka zaidi ya mia saba imepita tangu Imam afariki, na mtu anaweza kudhani alikuwa amekaa juu ya paa la Kisauni.

Tulimwuliza kijana kama aliona alama yoyote kwa wale alioangusha. Alinyamaza. Kisha akasema wanne walikuwa na uzi mwekundu mguuni, na kwamba aliukata uzi kabla ya kuwauza.

Mama aliketi chini.

Tutarudi kwa mama huyo. Lakini kabla yake liko jambo la jikoni, na hili tunawaambia kina mama wote wenye wavulana, hata kama nyumbani kwao hakuna mota. Mtoto akikuletea ndege aliyempiga kwa manati, usimtie sufuriani kabla hujauliza alikufaje. Jiwe la manati halikati, linaponda. Aya ya tatu ya Suratul Maida imemtaja aliyekufa kwa kupigwa miongoni mwa vilivyoharamishwa, na Adiy bin Hatim, Allah amridhie, alipomwuliza Mtume, rehema na amani zimshukie, kuhusu mshale usio na manyoya, alijibiwa kwamba kilichouawa kwa ncha kinaliwa na kilichouawa kwa ubavu wake kwa kugongwa hakiliwi. Ndege wa manati aliyeokotwa maiti ni wa paka. Akiokotwa naye bado yuko hai kwa uhai ulio imara, si ule mtapotapo wa mwisho, basi achinjwe hapo hapo kwa kisu kikali, kwa kutajiwa jina la Allah, ukatwe mrija wa pumzi na mrija wa chakula, naye ni halali kwa upande huo.

"Na kama hakuna mwanamume nyumbani?" Mama alituuliza hivyo, na wengi mtauliza hivyo. Wale watatu walioliwa, alisema, kijana aliwachinja wawili na wa tatu hakumbuki. Walikuwa wakingojea jirani wa kiume, naye alichelewa. Dada zetu, uchinjaji wa mwanamke Muislamu ni sahihi. Katika Sahihi Bukhari imo habari ya kijakazi wa Kaab bin Malik aliyekuwa akichunga mbuzi katika mlima wa Sal', akaona mmoja anakaribia kufa, akavunja jiwe na kumchinja kwa ukali wake. Mtume akaulizwa, akaamuru aliwe. Ni ajabu kwamba habari hii iko katika kitabu kinachosomwa kila Ramadhani katika misikiti yetu, na bado katika mitaa yetu kuku anaachwa afe kwa sababu baba hajarudi.

Jambo la sanamu tulilieleza kwa tahadhari, kwa kuwa wanazuoni wamelizungumza kwa marefu. Wengi wamekataza kuchonga umbo kamili la kiumbe chenye roho. Wengi wao wametoa vitu vya kuchezea watoto, kwa habari ya vidoli vya Mama Aisha. Na wako waliosema kwamba umbo lililokosa kichwa halina hukumu hiyo. Tulimshauri kijana avikate vichwa, kisha tutazame. Alikata shingoni kwa wembe, kwa huzuni ya wazi, kwa sababu zile shanga alizichagua kwa siku nzima. Akawasha mota. Hazikupita dakika kumi, njiwa wawili wakazunguka juu yetu na kutua. Kumbe kilichokuwa kikiwaita ni mbawa tu. Yeye mwenyewe alicheka, na ilikuwa mara ya kwanza acheke tangu tufike.

Alituuliza pia kwa nini kunguru hawashuki, maana alijaribu kwa ajili yao. Kunguru hawa wa Kihindi, walioletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19 na kuenea pwani nzima, ndio wanaokula makinda ya njiwa, na kama angewapunguza mtaa ungemshukuru. Kunguru ametajwa katika hadithi miongoni mwa wanyama watano waharibifu walioruhusiwa kuuawa. Lakini ni mwerevu sana. Dar es Salaam walipotaka kuwapunguza walijenga mitego mikubwa ya mbao na waya na kuweka ndani yake kunguru hai wenye chakula na maji, kwa sababu kunguru humwamini kunguru wa kweli. Shanga na kandambili humtosha njiwa tu.

Kuhusu manati yenyewe tulikuwa wakali, na hatuombi radhi kwa ukali huo. Abdullah bin Mughaffal alimwona jamaa yake akirusha vijiwe kwa vidole, akamkataza na kumweleza kwamba Mtume amekataza jambo hilo, kwa kuwa kijiwe hakiui mawindo wala hakimshindi adui, bali huvunja jino na kutoboa jicho. Mwenzake alipoendelea, aliacha kusema naye. Hicho kilikuwa kijiwe cha vidole. Manati ya mpira wa tairi, juu ya paa, kando ya uchochoro unaopitwa na watoto wa chuo, ni jambo jingine. Na paa lenyewe halina ukuta pembeni. Ama wale wavulana wakubwa wanaomnong'oneza kwamba watamletea bunduki ya upepo, mama na ajue kwamba hiyo kisheria ni silaha, imo katika Sheria ya Silaha, Sura ya 114, na kumiliki bila cheti ni kosa.

Hata vichakani hawezi kwenda nayo. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 imekataza uwindaji wa burudani na hata ule wa kutafuta kitoweo. Tetere wa Mwakirunge hana mwenyewe katika fiqhi, lakini ana mlinzi katika sheria za nchi, nasi tumeamrishwa kutimiza ahadi za nchi tunayoishi.

Sasa mama. Alipoinuka alisema maneno ambayo tumeyatafakari tangu siku ile. Alisema: "Nimemlisha mwanangu mdogo mali ya mzee." Tulimwambia kwamba aliyekula bila kujua hana dhambi ya kula, lakini haki ya mwenye mali haifutiki kwa kutojua, wala haifutiki kwa udogo wa aliyeharibu. Mtoto hajaandikiwa dhambi, ila thamani ya alichoharibu hulipwa katika mali yake. Na mali alikuwa nayo: pesa za njiwa waliouzwa zilikuwa katika kopo la maziwa chini ya kitanda, akizikusanya ili anunue mota ya pili.

Baba alipigiwa simu tena. Mara hii alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza kama ni lazima mzee aambiwe, au pesa zinaweza kupelekwa kwa mkono wa mtu bila kutaja jina. Ni swali la haki, na wako wanazuoni wanaoruhusu kurudisha haki kwa siri pale ambapo kujitaja kutaleta balaa. Lakini tulimwuliza nasi: mzee huyu ataleta balaa gani? Simu ilikaa kimya. "Mwende naye," akasema. "Asiende peke yake."

Tulikwenda baada ya Alasiri: kijana, mamake, na sisi nyuma kidogo. Kijana alimwamkia mzee shikamoo, akaweka kopo barazani na kusema yote, hata habari ya uzi mwekundu. Alisema kwa haraka na sauti ikimkatika, kama mtu anayesoma asichokielewa. Mamake alitaka kumalizia, mzee akamzuia kwa mkono.

Mzee alihesabu pesa, akachukua thamani ya njiwa sita, waliompotea kwa hesabu yake, na kusukuma kopo na kilichobaki. Juu ya hao wengine wanne, alisema, kijana aulizie nyumba kwa nyumba, na yeye atamtajia wafugaji anaowajua. Hakusema amesamehe, wala hakusema hajasamehe. Aliuliza tu, "Huyo njiwa wako wa mota, yuko wapi?"

Kijana alikimbia kumleta. Mzee alimgeuzageuza mkononi, akapuliza bawa likapinduka, akauliza kichwa kiko wapi, akaelezwa. Kisha akatwambia jambo ambalo hatukulijua. Wafugaji, alisema, huwa na njiwa mmoja mweupe wa nyumbani ambaye humwachia jioni mbele ya tundu, ili waliochelewa kurudi wamwone na kushuka. Wake aliliwa na paka mwaka jana, na tangu hapo kila siku mmoja au wawili hulala nje. Alitaka kujua kama mota hii inaweza kuwashwa Magharibi inapokaribia, kwa robo saa tu, juu ya ukuta wake, na kama betri yake itastahimili.

Kijana alisema itastahimili. Alisema pia kwamba fito zikiwa fupi itakuwa afadhali, na kwamba ataweka swichi ili mzee asiguse waya. Walikwisha kuinama wote wawili juu ya mota, sisi na mama tumesahauliwa barazani.

Tulimwuliza mzee swali moja kabla ya adhana: na wakishuka njiwa wa jirani?

Mzee alitutazama, akatazama mbawa, akamwambia kijana alete bisibisi.